UZI: "Kama huna hatia, unaogopa nini?"

1/ Hili swali halikosi kwenye mijadala ya usalama. Hebu tulipeleke kwa jirani, Addis Ababa, kwenye makumbusho ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu, pale uwanja wa Meskel.

2/ Derg, utawala wa kijeshi uliofuata ukomunisti, ulishika Ethiopia 1974 hadi 1991. Mwaka 1975 ulitaifisha nyumba za kupangisha mijini na kuunda kebele, yaani kamati za mitaa. Moja ya kazi zao? Kukusanya kodi ya nyumba. Sasa nani angepinga hiyo?

3/ Kufikia 1977 kebele zilikuwa na bunduki, orodha za majina na vyumba vya kufungia watu. Maelfu waliuawa, wengi wao vijana wa shule. Kuna familia zilizodaiwa pesa za risasi ndipo zipewe maiti.

4/ Ndani ya makumbusho utakuta kuta zimejaa picha zao. Kuna mafuvu pia, na nguo zilizofukuliwa makaburini.

5/ Rudi kwa lile swali. Wengi wao hawakufikishwa kortini, so kutokuwa na hatia kuliwasaidia nini? Ukisikia ofisi inaongezewa mamlaka, usiulize tu itafanya kazi gani leo. Uliza: ikinionea kesho, nitaishtaki wapi?