Matandiko ya ngamia wa vita: Turathi inayopotea Kaskazini Mashariki

KATIKA nchi nyingi, kukusanya matandiko ya kale ya askari wapanda farasi ni shughuli yenye heshima. Wakusanyaji hutafuta seruji, hatamu, lijamu na rikabu zilizotumika vitani, wakazihifadhi nyumbani au wakazikabidhi makumbusho. Nchini Uingereza, mji wa Walsall, uliosifika kwa utengenezaji wa matandiko hayo, una jumba lake la makumbusho ya bidhaa za ngozi.

Anayetafuta vifaa vya aina hiyo Garissa, Wajir au Mandera hukuta hali tofauti. Huko, mnyama aliyebeba mizigo ya dola na ya vita alikuwa hasa ngamia, na tandiko lake aghalabu halikutoka kiwandani. Lilisukwa na wanawake wa jamii za wafugaji.

Farasi hakustawi katika vita vya Afrika Mashariki. Mnamo Agosti 1914 walowezi wa Kenya waliunda jijini Nairobi kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles, ambacho kilipigana Longido tarehe 3 Novemba mwaka huo. Katika vita hivyo mbung'o na maradhi viliangamiza farasi kwa maelfu, na kikosi hicho kikadidimia. Kaskazini, ingawa Waborana walifahamika kwa farasi wao, umbali baina ya visima ulimpa ngamia nafasi ya kwanza. Farasi huhitaji maji kila siku. Ngamia aweza kukaa siku nyingi bila kunywa.

Serikali ya kikoloni ilipojiimarisha katika mpaka wa kaskazini, ikiwa ni pamoja na kituo cha Wajir kilichoanzishwa mwaka 1912, ilitegemea ngamia kubeba maji, chakula na mahema. Askari wa King's African Rifles, maarufu kama Keya, walisafiri na misafara hiyo. Ndivyo walivyofanya pia polisi wa kikabila walioitwa dubas, jina lililotokana na vilemba vyao vyekundu.

Ngamia wa kupandwa vitani alikuwa jambo la kigeni kwa Wasomali wengi, ambao kwa desturi humtumia ngamia kwa maziwa, nyama na mizigo, na humpandisha mgonjwa, mzee au mtoto tu. Kikosi cha ngamia kutoka Bikaner, India, kilipigana Somaliland ya Waingereza kati ya 1902 na 1904. Baadaye Waingereza waliunda huko kikosi chao cha ngamia mwaka 1914, kikavunjwa mwaka 1944.

Kwa hiyo, mkusanyaji hukabiliwa na vifaa vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vya serikali: seruji za ngozi zenye kiunzi cha mbao au chuma, mikanda na vikuku vya shaba. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa chapa ya mshale mpana unaofanana na unyayo wa ndege; ile ya Serikali ya India ilikuwa na mshale huo pamoja na herufi I. Namba na herufi za kikosi pia husaidia kutambua kifaa. Hata hivyo chapa hughushiwa, na isichukuliwe peke yake kuwa ushahidi.

Aina ya pili ni tandiko la mizigo ambalo Wasomali huliita herio. Hili ni mikeka minene iliyofumwa kwa nyuzi, nyingine zikitokana na magome ya migunga. Mikeka hutandazwa kuizunguka nundu, kisha miti hufungwa kwa kamba pande zote mbili, na mizigo huning'inizwa kwa uzani sawa. Ikiegemea nundu au upande mmoja, mgongo hupata vidonda na safari hukwama. Familia inapohama, mikeka na miti ya nyumba yenyewe hupakiwa juu ya ngamia, na baadhi yake hugeuka kuwa tandiko.

Ngamia wengi wa serikali walinunuliwa au kukodiwa kutoka kwa wafugaji. Ndiyo maana ni vigumu kutenganisha tandiko la jeshi na la nyumbani: mkeka uleule ungeweza kubeba risasi mwezi mmoja na maziwa mwezi uliofuata.

Vifaa hivyo vimepungua. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, wafugaji wengi walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na wakapoteza mifugo. Ukame, malori na turubai za plastiki vimepunguza zaidi haja ya kusuka. Hata hivyo herio haikutoweka. Maktaba ya ngamia iliyoanzishwa Garissa mwaka 1996 na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilidhihirisha kuwa maarifa ya kumpakia ngamia yangali na kazi, safari hii yakibeba masanduku ya vitabu.

Sheria nayo ina pengo ambalo mkusanyaji hana budi kulifahamu. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu hicho hakiwezi kutolewa nchini bila kibali. Lakini Keya iliundwa mwaka 1902. Kwa hivyo sehemu kubwa ya vifaa vya vita vya mpakani, na herio nyingi zilizopo, hazimo katika ulinzi huo isipokuwa Waziri azitangaze kuwa vitu vinavyolindwa. Mnunuzi anaweza kuzichukua kama mapambo, na historia yake ikaondoka naye.

Kinachookoa historia hiyo ni kumbukumbu. Anayepata tandiko aandike liliponunuliwa, aliyelitumia, aliyelisuka na jina la kila sehemu kwa lugha ya wenyewe, tena alipige picha likiwa juu ya ngamia ikiwezekana. Ngozi iwekwe kivulini, ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, isioshwe wala kulowekwa mafuta. Shaba isisuguliwe hadi chapa ikafutika, nayo mikeka iinuliwe kutoka sakafuni ili isiliwe na mchwa.

Asiyeweza kuvihifadhi anaweza kuwasiliana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, yenye tawi mjini Wajir. Lakini kabla ya yote awatafute kina mama wazee wanaojua kusuka. Seruji ya Walsall imeelezwa katika vitabu vingi. Maarifa ya kusuka herio kwa sehemu kubwa yamo vichwani na mikononi mwao.