Mauser 71: Bunduki ya Askari wa Kikoloni

Boma la Arusha lilipojengwa, 1899 hadi 1900, Ujerumani kwenyewe wanajeshi walikwisha kupewa bunduki mpya. Za zamani, Mauser za mwaka 1871, zikaletwa huku kwenye koloni, kwa askari. Mtutu wa milimita 11, risasi moja moja. Baruti yake ilifuka moshi mweupe uliomfichua mpigaji, na mwaka 1914 kombania nyingi za askari zilikuwa bado zinaitumia.

Kwa mhifadhi wa makumbusho leo, tatizo ni spea: za asili hazitengenezwi tena. Komeo la bunduki nyingine ya aina hiyo laweza kuingia, ila namba zilizogongwa kwenye chuma ndizo husema kama vipande vilizaliwa pamoja. Ndiyo maana mhifadhi hulainisha kutu kwa mafuta na kitambaa; msasa ungezifuta. Kitako kipya chenye vanishi hupendeza sebuleni, si kwenye makumbusho.