Simu Mbele ya Baraza: Ujumbe wa Mtandaoni katika Mashauri ya Talaka

Mkiwa ni njia panda. Hapo barabara ya Manyoni–Singida inaachana na ile inayoshuka Itigi, Rungwa na Makongolosi hadi Mbeya. Mahali pa namna hii ndoa huzoea safari: huyu dereva wa lori, yule kaenda kutafuta dhahabu Chunya, na mke kabaki na shamba la alizeti. Mazungumzo ya nyumbani yamehamia WhatsApp. Ndoa ikiingia mushkeli, WhatsApp hiyo hiyo ndiyo inayokimbiliwa kutafutia ushahidi, na kwa maoni yangu hutafutwa humo kitu ambacho mahakama haikihitaji sana.

Kinachotafutwa ni fumanizi. Mtu anapekua simu ya mwenzake usiku, anakuta maneno ya mapenzi, anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Kwake kesi imekwisha. Lakini kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni ni kimojawapo tu cha viashiria, na sheria inautilia uzito hasa ukirudiwa au ukiendelea licha ya mwenye kosa kukanywa. Meseji ya hawara haithibitishi kwamba mume alikanywa. Kinachothibitisha hilo ni ujumbe wa mke mwenyewe wa mwezi Machi akimsihi aache, na mwingine wa Juni akilalamika kwamba hajaacha. Ujumbe huo watu huufuta kwa kuona unawadhalilisha. Mahakama inahitaji kalenda, watu wanaipelekea fedheha.

Fedheha nayo ina gharama zake. Kifungu hicho hicho kinataja ukatili, wa mwili au wa akili, hivyo anayemwanika mwenzake kwenye status kila asubuhi anaweza kujikuta ameutengeneza ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na kabla ya kufika mahakamani, kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo likishindwa kusuluhisha hutoa hati, maarufu kama Fomu Namba 3. Wazee wa baraza wanaweza kumrudisha mume aliyekosa kwa siri. Aliyekwisha kusomwa na mashemeji na majirani wote humrudisha kwa shida, hata akitaka kurudi.

Kalenda ninayoisema inaonekana wazi zaidi katika suala la kutelekezwa. Sheria inazungumzia miaka isiyopungua mitatu, tena ya makusudi. Mume aliyeko Makongolosi ambaye kila mwezi anatuma salamu za sauti, anauliza ada ya mtoto na kuahidi kurudi baada ya mavuno, amemtelekeza mkewe kweli? Mfululizo wa mazungumzo utasaidia kujibu kuliko kiapo cha upande wowote. Tena, anayedai ametelekezwa na hajui mwenzake aliko husamehewa sharti la kupitia baraza. Msamaha huo utakuwa mgumu kuupata ikiwa wiki iliyopita aliandika maoni chini ya picha za huyo mume Facebook.

Kwa Waislamu wa Tanzania Bara mpangilio wa tarehe ni mkali zaidi. Kuna wanaume wanaoandika talaka kwa simu na kuiona imepita. Iwapo kifiqhi imepita au la, hilo nawaachia masheikh. Mbele ya mahakama, kifungu cha 107(3) kinataka baraza liwe limetoa kwanza hati ya kushindwa kusuluhisha, ndipo kitendo cha kuivunja ndoa kwa taratibu za Kiislamu kifuate. Talaka iliyotumwa saa nne usiku kabla ya kikao chochote cha baraza haitimizi sharti hilo, na muda ulioandikwa pembeni ya ujumbe ndio utakaomsuta mwandishi.

Lakini je, ujumbe wenyewe unaaminika? Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hakiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na alivyotambuliwa aliyeutuma. Kenya, kwa kifungu cha 106B cha Sheria yake ya Ushahidi, hudai hati maalumu. Kwa vyovyote, picha ya skrini iliyokatwa juu na chini ni dhaifu kuliko mazungumzo kamili yaliyobaki ndani ya simu. Na anayevunja nywila ya mwenzake akumbuke kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inaadhibu kuingia bila idhini, wala haikutoa msamaha kwa wanandoa.

Mahali ambapo simu ingefaa kuliko pote ni kwenye mgawanyo wa mali, na huko ndiko haifunguliwi. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa ilionekana fedha alizokwishapewa na mumewe alizitumia vibaya. Hesabu, basi, ina nguvu pande zote mbili. Tumfikirie mwanamke wa Mkiwa anayeuza kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti kwa oda za WhatsApp: picha ya madumu, bei, jina la basi lililobeba mzigo, kisha ujumbe kwa mumewe, “Nimetuma ya mabati.” Mistari kama hiyo mitano, yenye tarehe, ingemweleza hakimu nyumba ilivyojengwa.