Jina la Mgongoni

Novemba 1996, simu iliingia kwa Graeme Souness, kocha wa Southampton kule Uingereza. Aliyepiga alisema yeye ni George Weah. Weah wa Liberia, yule aliyekuwa ameshinda Ballon d'Or mwaka uliotangulia. Ana binamu, akasema, anaitwa Ali Dia, Msenegali, mpira anaujua balaa. Je, hawawezi kumwangalia? Klabu ilikuwa na majeruhi wengi, na Weah ni Weah. Dia akapewa mkataba wa mwezi mmoja. Tarehe 23 mwezi huohuo Leeds walikuja kucheza, Matt Le Tissier akaumia kipindi cha kwanza, na binamu akaambiwa aingie. Alikimbia huku na kule kama abiria aliyeshushwa steji asiyoijua. Dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho, yeye aliyeingia kama mchezaji wa akiba naye akatolewa. Weah hakuwa amepiga simu yoyote, na huyo jamaa hakuwa binamu yake.

Stori hii husimuliwa kama kichekesho, na kweli inachekesha. Mimi hubaki nikifikiria nusu yake ya kwanza, ile iliyofaulu. Jina la jamaa lilimpitisha mtu getini, likampa jezi, likamfikisha mpaka ndani ya uwanja wa Ligi Kuu ya Uingereza. Lilimbeba mpaka kwenye chaki. Hapo likamwachia miguu yake.

Sisi wa Nairobi tunalijua swali la "wewe ni mtoto wa nani?" kabla hatujajua kugawanya. Linaulizwa kwa basari, kwa kazi za kaunti, hata kwa kibanda sokoni. Ndiyo maana mtoto wa mchezaji akivaa jezi ya timu ya maana, mtaani tunamkodolea macho: huyu amefika kwa miguu au kwa buda? Mtandaoni wameshapewa jina, nepo bebi, na kesi inaishia hapo. Nadhani tunauliza swali zuri kwa haraka mno. Kuna nyumba mbili za Wakenya ambazo ukiziweka kando kwa kando, swali lenyewe linabadilika.

Nyumba ya kwanza ni ya Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli. Noah Wanyama alikuwa winga wa AFC Leopards miaka ya themanini. Kama wewe ni wa Ingwe, hilo si jambo dogo. Lakini fikiria mpira wa Kenya wa enzi hizo ulikuwa unalipa nini. Timu za kampuni na mashirika, Breweries, Posta, Bandari, zilimpa mchezaji ajira: karani, dereva, mtu wa stoo, na ruhusa ya kutoka mapema kwenda mazoezini. Timu za jamii kama Leopards na Gor zilitegemea pesa za getini na wafadhili wenye moyo. Mchezaji alijulikana na kila kondakta mjini, na mwisho wa mwezi alihesabu sarafu kama huyo kondakta.

Sasa mtu kama huyo anamrithisha nini mwanawe? Anamrithisha jicho la mpira, labda, na mwili. Anamrithisha stori. Jina analo, tena kubwa, lakini hakuna mlango ambao jina hilo linafungua. Hakukuwa na akademia ya kumpeleka mtoto, wala wakala wa kumpigia simu, wala kocha Ulaya aliyewahi kumsikia baba. Hili ndilo linalosahaulika tunapojadili undugu katika soka: kabla hujapendelewa, lazima kuwe na kitu cha kupendelewa nacho.

Kilichotoka kwenye nyumba ile kinashangaza mpaka leo. McDonald Mariga, mzaliwa wa 1987, alienda Sweden, akaanzia Enköping, akaingia Helsingborg. Ndugu zake Thomas na Sylvester wakacheza mpira pia, na dada yao Mercy akashika wa kikapu. Halafu Victor, mzaliwa wa 1991, akachezea Harambee Stars mwaka 2007 akiwa bado na miaka 15, na mwaka huohuo akamfuata kaka yake Helsingborg.

Hapo ndipo mpinga undugu angesimama na kupiga kelele. Kijana wa Nairobi kaenda Sweden kwa sababu kaka yake yuko Sweden. Ni kweli, na hakuna haja ya kuficha. Ila tazama kilichofuata. Mariga aliuzwa Parma, Italia, na muda si muda Victor akawa amerudi nyumbani. Kaka alipoondoka, mlango ukajifunga. Mwaka 2008 kijana akaanza upya, Ubelgiji, katika klabu ya Beerschot. Kutoka pale akaenda Celtic, na tarehe 7 Novemba 2012 akaruka juu ya kona na kumfunga Barcelona kwa kichwa, Barcelona ya Messi na Xavi. Mechi ikaisha 2–1. Mwaka uliofuata akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kwa ada ya pauni milioni 12.5. Klabu iliyomnunua ilikuwa Southampton, walewale wa Ali Dia. Safari hii hawakutegemea simu. Kichwa kile kilikuwa kimeonekana na kila mwenye televisheni.

Kaka mtu alikuwa na kisa kingine, na mimi kinanivutia zaidi ya yote. Januari 2010 Manchester City walimtaka Mariga. Kibali cha kazi kikakataliwa. Sheria za Waingereza wakati huo zilidai mchezaji awe anatoka kwenye nchi iliyo ndani ya sabini bora za FIFA, na Kenya ilikuwa chini huko. Hakuna aliyesema Mariga hajui mpira. Kosa lake lilikuwa pasipoti. Waziri Mkuu wetu, Raila Odinga, akaingilia kati kumtetea kwa Waingereza. Yaani ili kiungo apate kazi, ilibidi apatikane mkubwa wa kumwombea, kama vile tu mtoto wa mtu anavyoombewa kazi kwa ofisi ya serikali. Mwishowe akaenda Inter Milan, na miezi minne baadaye timu hiyo ikawa bingwa wa Ulaya.

Kwa hivyo kuna jina la baba, na kuna jina la nchi. Hili la pili hatulizungumzii kabisa tunaporusha mawe kwa watoto wa mastaa.

Nyumba ya pili. Mike Okoth Origi alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars, mdogo wa Austin Oduor, yule nahodha aliyenyanyua Kombe la Washindi la Afrika na Gor Mahia mwaka 1987, siku Espérance ya Tunisia ilipozimwa Kasarani. Arnold Origi, kipa aliyedumu miaka mingi Norway, ni mwana wa Oduor. Damu ya mpira, kama tunavyosema. Ila tofauti ya nyumba hii na ile ya Muthurwa haimo kwenye damu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Okoth alienda Ubelgiji, akachezea Oostende kwa misimu kadhaa, kisha Genk, ambako alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1999. Mtoto wake Divock alizaliwa Ostend, Aprili 1995.

Mtoto huyo aliingia akademia ya Genk akiwa na miaka sita. Miaka sita! Kwa umri huo, mtoto mwenye kipaji hicho hicho Jericho anacheza mpira wa juala, na anayemwangalia ni shangazi yake akianika nguo. Divock alikuwa anaangaliwa na watu wenye kalamu na karatasi, kila wiki, kwa karibu miaka kumi, halafu Lille wakamchukua. Juni 2014 alimfunga Urusi kwenye Kombe la Dunia akiwa na miaka 19, kwa jezi ya Ubelgiji, na huku nyumbani tukagawanyika kati ya kushangilia na kununa.

Je, Divock alipendelewa? Hakuna aliyepiga simu na kusema mpeni namba mtoto wa Okoth. Hakuhitaji hiyo simu. Baba alikuwa amempa kitu kikubwa kuliko simu: alimzalia mahali ambapo kipaji kinapimwa, na pasipoti isiyoombewa na Waziri Mkuu. Mwana wa Weah, Timothy, ni hivyo hivyo. Alizaliwa New York, akaifungia Marekani kwenye Kombe la Dunia 2022 kule Qatar. Baba yake, mchezaji bora wa dunia, hakucheza Kombe la Dunia hata mara moja, maana Liberia haikuwahi kufuzu.

Utaniambia basi ni urithi tu, miguu haina kazi. Hapana. Tazama ukoo wa Maldini pale AC Milan. Cesare alinyanyua Kombe la Ulaya kama nahodha mwaka 1963, Wembley. Mwanawe Paolo akalinyanyua kama nahodha mwaka 2003, Manchester, baada ya miaka arobaini kamili. Paolo alipoanza mwaka 1985 akiwa na miaka 16, wapo waliosema ni jina. Akacheza mechi 902. Huwezi kupewa mechi 902 kwa heshima ya mzee wako. Klabu ikaistaafisha jezi yake namba 3, ila ikasema mwanawe anaweza kuivaa akifika timu ya kwanza. Undugu gani mkubwa kuliko huo, jezi inakungoja kabatini? Mtoto mkubwa, Christian, akapita akademia ileile ya Milan, akaishia kucheza madaraja ya chini Italia. Mdogo wake, Daniel, akafika timu ya kwanza, na siku yake ya kwanza kuanza mechi ya ligi, mwaka 2021, akafunga. Nyumba moja, jina moja, baba mmoja, matokeo mawili.

Mwana wa Johan Cruyff yeye alijaribu kulikwepa jina. Barcelona walimpandisha baba akiwa kocha, na jezini akaandikwa Jordi tu. Naelewa alichotaka. Lakini uwanja mzima ulijua Jordi ni nani, na baba alipofutwa kazi mwaka 1996, kijana naye akaondoka msimu uleule.

Niliwahi kwenda majaribio ya timu moja ya vijana ya Eastlands. Sitaitaja. Tulikuwa zaidi ya sitini kwa nafasi nne, na kila mtu alijua moja imeshakaliwa na mtoto wa mmoja wa wakubwa wa timu. Tulimwita Mtoto wa Meza. Alikuja na njumu mpya na chupa yake ya maji. Mimi na jirani yangu tulikuwa na jozi moja ya njumu, tukizivaa kwa zamu. Tulipomaliza, Mtoto wa Meza alikuwa miongoni mwa wanne waliochukuliwa, na manze, alistahili. Alikuwa anapokea mpira akiwa ameshaangalia nyuma ya bega. Alikuwa amefundishwa hivyo tangu chekechea, na mtu anayejua. Wengine wetu hiyo siku ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kututazama tukicheza kwa dakika ishirini bila kutukatiza. Kati yetu sitini, sidhani waliokosa wote walikosa kwa kushindwa. Baadhi yao hawakuwahi kupimwa.

Huo ndio ugumu wangu na neno "ustahili". Tunalitumia kana kwamba ni kitu mtu anazaliwa nacho, kisha undugu unakuja kukiharibu. Katika soka, baba hutengeneza ustahili wenyewe, polepole, jioni baada ya jioni, mpaka mtoto anapofika majaribioni hahitaji upendeleo tena. Baba wa Ostend alikuwa na vifaa vya kazi hiyo. Baba wa Muthurwa alikuwa na mikono mitupu, na bado wakatoka wawili.

Tarehe 1 Juni 2019, Madrid, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Dakika ya 87 Divock Origi alifunga bao la pili la Liverpool. Kwenye benchi la Tottenham alikuwa amekaa Victor Wanyama, asiingie. Miaka tisa kabla, mjini humohumo, kaka yake Mariga alikuwa amekaa benchi la Inter kwenye fainali dhidi ya Bayern, naye hakuingia, ila medali alipata. Familia mbili za wachezaji wa Harambee Stars na ligi yetu ya nyumbani, wana watatu, fainali mbili. Nchi yenyewe imewahi kufika fainali za Kombe la Afrika mara chache tu.

Miezi mitano baada ya usiku ule wa Liverpool, Mariga aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, katika uchaguzi mdogo ulioitishwa baada ya kifo cha Ken Okoth. Alizunguka vichochoro akipiga danadana, watoto wakimfuata. Raila, yule aliyemtetea kwa Waingereza mwaka 2010, safari hii alikuwa upande wa pili, akimpigia debe mgombea wa ODM. Kura zilipigwa tarehe 7 Novemba, miaka saba kamili tangu Victor amfunge Barcelona. Mariga alishindwa, akampigia simu mshindi kumpongeza. Mshindi alikuwa Imran Okoth, ndugu yake marehemu.