Nani Aruhusiwe Kutazama: Sinema ya Mapenzi na Wazee wa Kalima

Filamu inayochanganya zama za kale, mapenzi ya kitandani na mauaji haijawahi kutazamwa kwa jicho moja. Jioni ileile, katika ukumbi uleule, mmoja huona uchafu, mwingine huona habari ya ndoa iliyooza, na wa tatu anafuatilia tu nani atauawa. Kila mtawala aliyetaka kuidhibiti sinema alilazimika kueleza tofauti hizo zinatoka wapi. Katika Kongo ya Wabelgiji jibu lilikuwa rangi ya ngozi. Nashikilia kwamba jibu hilo lilikuwa la uongo, na kwamba ushahidi wa kulikanusha ulikuwapo hukohuko Kongo, Kalima katika teritwari ya Pangi, kwa wazee wa Kilega waliokuwa na shule yao ya kusoma picha kabla kampuni ya Symétain haijaundwa mwaka 1932 na kuanza kuchimba bati Maniema.

Tuanze na sheria. Mwaka 1945 serikali ya koloni ilipiga marufuku mtu asiye Mzungu wala Mwasia kuingizwa ukumbini, isipokuwa kwa filamu zilizopitishwa na kamati ya ukaguzi. Mwaka 1952 L. Van Bever, ofisa wa serikali aliyeshughulikia sinema, alitoa kitabu kizima kuhusu sinema kwa Waafrika, akidai kwamba wengi wao hawajakomaa kuielewa na wanahitaji picha nyepesi, za mwendo wa polepole. Wapo watakaosema huo ulikuwa mtindo wa zama zile, kwa kuwa hata Ulaya filamu zilikatwa. Ni kweli, Papa Pius XI aliandika waraka dhidi ya sinema chafu mwaka 1936. Lakini Ubelgiji yenyewe haikuwalazimisha watu wazima kungoja kibali cha kamati. Sheria yake ya Septemba 1, 1920 iliwazuia watoto walio chini ya miaka 16 tu, na hata hao waliruhusiwa kuona filamu zilizoidhinishwa. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja utaona jambo zito: kanuni iliyotungwa Brussels kwa ajili ya watoto ndiyo waliyowekewa wanaume na wanawake wazima wa Kongo. Mtoto wa Brussels alitoka katika kundi hilo siku alipotimiza miaka 16. Mchimba bati wa Kalima mwenye wajukuu hakuwa na siku ya kutoka.

Je, watazamaji Waafrika walitazama kwa namna moja, kama nadharia ilivyotaka? Hortense Powdermaker, Mmarekani aliyefanya utafiti Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1953 na 1954, alikuta kinyume chake. Walikuwapo walioamini kwamba shujaa wa filamu za kauboi amekufa kweli akafufuka, na walikuwapo wachimbaji wenzao waliowaeleza kwamba yale ni maigizo. Léopoldville, vijana walioitwa Bills walizichukua filamu za kauboi wakajitungia majina, mavazi na hata lugha yao, Hindubill, huku wazazi wao wakichukizwa. Zanzibar, filamu ya Kihindi Awaara ya mwaka 1951 ilizua mjadala mrefu juu ya penzi la kuchagua mwenyewe na ndoa ya kupangiwa. Kilichowagawa watu hawa ni umri, malezi na mazoea ya kutazama. Rangi yao ilikuwa ileile.

Hapa ndipo Walega wanapoingia. Chama chao cha bwami kilikuwa na ngazi, kuanzia kongabulumbu hadi kindi, na mtu hakupanda vyeo vya juu bila mkewe kupanda pamoja naye. Kila ngazi ilikuwa na vitu vyake vya kuonyeshwa: sanamu ndogo za mti na za pembe, zilizopakwa mafuta na kusuguliwa hadi zikang'aa. Mwalimu wa sherehe, nsingia, alikishika kitu mkononi, akacheza nacho, akaimba methali yake, na maana ikatoka katika mkutano wa vitu hivyo vitatu. Sanamu ileile ikiimbiwa methali nyingine ilibeba funzo jingine. Mambo ya mwili hayakufichwa. Sanamu ya mwanamke mjamzito aitwaye Wayinda ilihusu uzinzi na maangamizi yanayoufuata. Basi mzee wa bwami alikuwa amezoea kutazama umbo la mwili, kusikia kisa cha usaliti, na kujadili maana yake mbele ya wenzake, jambo ambalo watazamaji wengi wa Antwerp hawakuwahi kufundishwa. Na mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya sheria ya sinema, serikali ilikipiga marufuku chama hicho.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba bwami nayo ilificha. Asiyeingizwa hakuona, na wazee wengi wangekuwa wa kwanza kumtoa kijana mbele ya filamu ya kitandani. Nalikubali hilo bila shida. Sitetei kwamba kila jicho lione kila kitu. Lakini kizuizi cha bwami kilikuwa na mlango: mtu alilipa, akafundishwa, akasaidiwa na jamaa zake, akaingia, na aliyekuwa nje mwaka huu angeweza kuwa ndani baada ya miaka kadhaa. Kizuizi cha 1945 kilipima kitu ambacho hakuna mafunzo yanayoweza kukibadilisha.

Atakayejibu kwamba sinema haina nsingia, kwamba picha inapita gizani bila wa kuifafanua, atazame namna filamu zilivyoonyeshwa kweli katika nchi zetu. Mapadri wa Kongo waliweka msemaji wa kueleza picha kwa lugha ya watu. Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, Lufufu alijipatia jina kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza maoni yake mwenyewe juu ya wema na ubaya wa wahusika. Watazamaji waliitaka sauti hiyo, wakabishana nayo. Kazi ya kuifungua picha mbele ya kadamnasi ilikuwa inajulikana Pangi kabla ya projekta ya kwanza kufika, na waliokuwa na ujuzi huo ndio waliochukuliwa na sheria kama watu wasiokomaa.