Kinywe cha Ruangwa: Hewa ukaa ya mradi wa ‘kijani’ inapimwaje?

Madini ya kinywe yanatafutwa duniani kwa sababu ya betri za magari ya umeme. Betri moja ya gari inaweza kubeba makumi ya kilo za madini haya. Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ina miradi kadhaa ya kinywe, ikiwemo Lindi Jumbo, Chilalo na Nachu. Lindi Jumbo pekee ulisanifiwa kuzalisha tani 40,000 kwa mwaka.

Kwa kuwa gari la umeme halichomi petroli, ni rahisi kuuita mgodi wa kinywe mradi wa kijani. Lakini jina si kipimo. Hesabu ya gesijoto inaanzia pale mgodi ulipo, sio kwenye gari.

1. Bila mradi ingekuwaje?

Hili ndilo swali la kwanza la mtaalamu. Msitu wa miombo wa Ruangwa au Nachingwea haukai vilevile hata mgodi usipokuja. Watu wanafungua mashamba ya ufuta na korosho, wengine wanachoma mkaa. Athari ya mradi ni tofauti kati ya hali hiyo na hali itakayokuwepo mradi ukija.

2. Gesi inatoka wapi?

Vyanzo huwekwa katika makundi matatu:

- Inayotoka mradini kwenyewe: dizeli ya mitambo, malori na jenereta, pamoja na miti inayokatwa.
- Inayotokana na umeme wa kununua. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zimetegemea umeme wa gesi asilia kutoka Mtwara.
- Inayotoka nje ya mradi: saruji ya ujenzi, usafiri hadi bandarini, na usafishaji wa kinywe, ambao kwa sehemu kubwa hufanyika China.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika. Familia ikihamishwa shambani kupisha mgodi, inaweza kwenda kufyeka msitu mahali pengine. Miti hiyo nayo ni ya hesabu ya mradi, hata kama haimo ndani ya mipaka yake.

3. Piga hesabu

Lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Kwa hiyo lita milioni 1 ni kama tani 2,700.

Kwa miti, uzito wa kaboni huzidishwa kwa 3.67 kupata hewa ukaa. Tuchukulie hekta moja ya msitu ina tani 20 za kaboni. Ikifyekwa na miti yote ikachomwa, zinatoka tani 73 hivi. Yaani kufyeka hekta 37 ni sawa na kuchoma lita milioni 1 za dizeli. Ndiyo maana mchoro unaokwepa msitu mnene unaweza kuokoa zaidi ya kubadilisha jenereta.

4. Angalia na muda

Miti hukatwa mwanzoni. Faida ya betri huja baadaye, kidogo kidogo, na kama soko litakubali. Mradi ukikwama katikati, msitu umeshaondoka.

Nachingwea inalijua hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake. Vichaka vilifyekwa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umetelekezwa. Enzi hizo hakuna aliyehesabu kaboni.

5. Geuza swali

Tathmini nzuri inauliza pia hali ya hewa itaufanyia nini mradi. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi. Mgodi unahitaji kujua bwawa la mabaki litahimili mvua ya namna hiyo, na kiangazi kikizidi maji yatatoka wapi bila kuwanyima wanakijiji.

Mwananchi aulize nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) kabla ya kuanza, na wananchi washirikishwe. Mkutano wa kijiji ndiyo nafasi ya kuuliza:

- Zitafyekwa hekta ngapi, na zipi?
- Wanaohamishwa watalima wapi?
- Mitambo itatumia dizeli, gesi au jua?
- Mradi ukifungwa mapema, nani atapanda miti, na fedha zake zimewekwa wapi?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, yakiwa na namba. Ahadi ya “tutatunza mazingira” haina kipimo, na baada ya miaka mitano hakuna atakayeweza kuikagua.