Viraka vya Budapest

Tarehe 23 Oktoba 1989 Mátyás Szűrös aliutangazia umati uliokusanyika nje ya Bunge, Budapest, kwamba nchi yao sasa ni Jamhuri ya Hungaria. Yale maneno "ya Watu" yalikuwa yamefutwa. Kisheria, hata hivyo, katiba ilikuwa ileile ya zama za Stalin. Ilishonwa viraka vingi hata kitambaa cha awali hakikuonekana tena, ila jina lake lilibaki: Sheria ya 20 ya mwaka 1949. Bulgaria na Romania ziliandika katiba mpya mwaka 1991. Hungaria ikaendelea na viraka.

Wengi huona huo ni udhaifu. Mimi nauona udhaifu mahali pengine, maana kiraka kimojawapo kilikuwa Mahakama ya Katiba, iliyoanza kazi Januari 1990 na kuongozwa miaka mingi na László Sólyom. Mwaka huo haukuisha kabla haijafuta adhabu ya kifo.

Mtihani mgumu ulikuja Novemba 1991. Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu mashtaka ya uhaini na mauaji yaliyofanyika kati ya Desemba 1944 na Mei 1990, hata kama muda wa kushtaki ulishapita, iwapo dola ndiyo iliyokataa kushtaki kwa sababu za kisiasa. Waliofiwa mwaka 1956 walikuwa na kila sababu ya kuitaka sheria hiyo. Imre Nagy, waziri mkuu wa wakati wa maasi yale, alinyongwa mwaka 1958 na hakuzikwa kwa heshima hadi Juni 1989.

Sheria ikafika mezani kwa Rais Árpád Göncz. Naye alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1958 kwa ajili ya maasi hayohayo, akatoka kwa msamaha wa 1963. (Kiingereza alijifunza gerezani, baadaye akamtafsiri Tolkien.) Kama kuna mtu aliyekuwa na deni la kudai, ni yeye. Hakusaini. Aliipeleka mahakamani, na Machi 1992 majaji wakaibatilisha: muda uliopita umepita, na utawala wa sheria haujengwi kwa kuvunja sheria.

Hoja hiyo ni rahisi kuikubali ukiwa maktaba. Ukiwa mjane ni jambo lingine. Mwaka uliofuata mahakama ileile ilikubali kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu hauna ukomo wa muda.

Tundu moja halikuzibwa: theluthi mbili ya wabunge, katika Bunge lenye chumba kimoja, iliweza kubadilisha chochote. Mwaka 2010 Fidesz ilipata viti hivyo kwa takriban 53% ya kura. Katiba mpya ikapita Aprili 2011. Utangulizi wake unaiita katiba ya 1949 batili, ilhali yenyewe ilipitishwa kwa utaratibu wa katiba hiyohiyo. Mwaka 2013 marekebisho ya nne yakaziondolea nguvu hukumu zote ambazo mahakama ilizitoa kabla ya katiba mpya kuanza kutumika, ile ya Machi 1992 ikiwemo.